Upepo Uliosubiri Mgeni Rasmi

Vijana wangu wa kikosi cha ukarabati, mliniomba niandike "machache ya kuwafaa" kabla sijasahau. Machache yenu yamenikalisha kitini wiki nzima, na hicho kiti nacho kina kesi yake, nitaifikia. Vyeo sitavitaja, maana hakuna kati yenu atakayejua kupaua kwa kujua mimi nilipandishwa lini. Mkiona nimeandika kwa hasira, hamjakosea. Maisha yangu yote kazi yangu imekuwa kuingiza hewa kwenye majengo ya watu, na watu hao hao wamekuwa wakiifungia nje kwa bidii kuliko yangu.

Nilianza chini ya Mzee Ruhuza, ambaye wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa Muha wa Kasulu, mwashi na seremala kwa pamoja, mikono mikubwa, maneno machache. Siku ya kwanza nilifika na nyundo mpya, timazi mpya na ovaroli ambayo mama yangu aliipiga pasi mpaka ikasimama yenyewe. Mzee akavitazama, akasema niviweke chini. Akanipa ufito wenye uzi wa pamba uliofungwa kwenye ncha, akanisukumia ndani ya ghala moja la Buzebazeba, hapa Kigoma, lililokuwa likinuka mawese.

"Tembea humo," akasema. "Uzi ukicheza, niite."

Nilitembea asubuhi nzima, jasho linanitoka, uzi umening'inia tu. Mafundi wenzake nje walikuwa wanacheka na mimi nilikwisha amua kwamba kesho sirudi. Mchana akachungulia mlangoni. "Umeona nini?"

"Sijaona kitu, Mzee."

"Ego," akajibu, yaani ndiyo kwa Kiha. "Hicho ndicho nilitaka ukione. Humu hewa imekaa kama maji ya mtungi."

Akapanda ngazi, akachomoa magunia yaliyosokomezwa kwenye tundu chini ya paa, upande wa mlimani. Uzi ukainuka mkononi mwangu, ukaelekea kule kwenye tundu. Akanifundisha pale pale jambo ambalo nimelirudia kwa wenye majengo hadi sauti imekauka: mchana ziwa linaleta upepo mjini, lakini upepo hauingii nyumba isiyo na pa kutokea. Weka pa kuingilia chini, upande wa ziwa. Weka pa kutokea juu, upande wa mlima. Ukiziba kimoja, umeziba vyote. Ufito ule ninao hadi leo, ila uzi nimebadilisha mara nyingi.

Wazee waliojenga mji huu walilijua hilo. Tazameni majengo ya zamani ya biashara: kuta nene za matofali ya kuchoma, dari za juu, baraza pana mbele kuzuia jua. Wakaja watoto wao. Baraza wakaligeuza kibanda cha mabati wapangishe. Matundu ya juu wakayaziba kwa sababu ya popo. Madirisha ya mbao wakayang'oa, wakaweka vioo vya alumini. Chini ya dari wakatundika jipsam yenye maua. Wakamaliza, wakaona joto, wakanunua kiyoyozi. Umeme ukikatika wanawasha jenereta ili kiyoyozi kipooze joto walilolijenga kwa mikono yao.

Kulikuwa na kijana mmoja wa mtaa wa Mwanga, muuza simu, ambaye kiyoyozi chake kilinguruma mchana kutwa na mlango ameuacha wazi. Nikamwambia, "Ndugu yangu, unaipooza barabara."

"Ndiyo tangazo lenyewe, fundi," akanijibu. "Mteja akipita akahisi baridi, anajua hapa pana hadhi."

Nilifungasha vifaa vyangu nikaenda kula.

Basi nikafikia miaka ya mwisho ya kazi, na kazi ya Bi Tausi. Baadhi yenu mlikuwepo, lakini mlikuwa juu ya paa na hamkuyasikia yote. Bi Tausi ni mjane wa Ujiji, mwenye jengo lile la ghorofa moja kwenye mteremko wa kwenda stesheni. Chini ni maduka. Juu ni ukumbi mrefu wa mafundi cherehani, wote wanawake, ambao yeye mwenyewe aliuanzisha kwa cherehani moja ya miguu. Watoto wake wote wamekulia humo, wakilala juu ya mabaki ya vitambaa. Lakini jengo lilikuwa limeharibiwa kwa namna zote nilizozitaja hapo juu, na kufika saa tisa mchana kule juu hapakaliki. Wanawake wengine walikwisha hama.

Mwanawe mkubwa, Hamisi, yuko Dar es Salaam, na alikuwa na mpango wake: livunjwe, lijengwe jipya. Alinionyesha picha kwenye simu. Ghorofa la kioo kutoka chini mpaka juu, uso wake wote magharibi, kunakotoka jua la alasiri. Nikamuuliza kama watu watakaa humo au watakaangwa kama migebuka. Hakucheka.

Wakakaa kikao cha familia pale pale ukumbini, na mimi nikiwa na mhandisi wetu Neema, binti wa Iringa, mwenye akili na subira kunizidi. Neema alieleza jinsi jengo linavyoweza kukarabatiwa likakaa poa bila kiyoyozi hata kimoja. Hamisi akasema hayo ni maneno ya kwenye karatasi. Ndipo Bi Tausi akanyoosha mkono.

"Tukarabati," akasema. "Wanangu wa cherehani wakae juu msimu wote wa joto, mpaka mvua ya kwanza, bila kiyoyozi. Wakiweza, jengo la baba yenu linabaki. Wakishindwa, Hamisi, livunje. Nimesema mimi, na sitalia."

Kila anayemjua Bi Tausi anajua kwamba akisema hivyo amemaliza. Kwa hiyo mkijiuliza kwa nini mimi, mzee wenu Bukuru, nilikuwa nawafokea juu ya kila msumari, ndiyo sababu.

Tukafanya kazi, na niseme ukweli, ilikuwa kazi safi. Tulibomoa jipsam, tukakuta matundu ya zamani yapo, yamejazwa matofali, mifuko ya saruji na kiatu kimoja cha mtoto. Tukaondoa mabati ya barazani. Paa lililokuwa na rangi ya damu ya mzee tukalipaka nyeupe, ambayo hulirudisha joto nje, na chini yake tukalaza magodoro membamba ya kuzuia joto. Maseremala wa Mwanga wakatutengenezea madirisha ya mbao yenye luva, vile vibao vilivyolazwa mshazari ili hewa ipite na mvua isipite. Na matundu ya juu tukayawekea luva pia, na wavu kwa ajili ya popo. Taa zote tukaweka za LED. Wakati wa kupaka rangi tukafunika kila luva kwa nailoni, fremu na kila kitu, ili vanishi isichafuke. Hiyo ni kawaida, mnajua.

Asubuhi ya kuzitoa nailoni nimepanda ngazi, kisu mkononi, nasikia chini, "Usiguse."

Nikashuka. "Shikamoo, Bi Tausi."

"Marahaba, mwanangu. Usiguse nailoni. Nimealika mgeni rasmi."

"Vizuri. Atakuta kumependeza."

"Atakuta kumefungwa," akasema. "Afungue yeye. Kitu kipya hakianzi kutumika kabla ya dua na mgeni. Nimeshamwambia yeye ndiye atakayefungua, naye amekubali."

Nikadhani ni jambo la siku chache, nikarudisha kisu mfukoni. Ningejua, ningekata nikakimbia. Mgeni rasmi alikuwa mkubwa mmoja, na wakubwa wana safari. Akaahirisha kwa sababu ya kikao. Akaahirisha kwa sababu ya ugeni mwingine mkubwa kuliko yeye. Akaahirisha kwa msiba, na kwa msiba huwezi kumlaumu mtu. Huku jua la kiangazi limeshapamba moto, na siku za makubaliano ya familia zinahesabiwa. Ukumbi ambao ulipaswa kupumua kuliko wote Kigoma ulikuwa umefungwa kama maandazi ya safari.

Neema alichukua karatasi akamchorea Bi Tausi mishale, upepo unaingia hapa, unatokea pale. Bi Tausi akafuata kila mshale kwa kidole, akauliza maswali ya maana kabisa.

"Nimekuelewa, binti," akasema mwishoni. "Hewa itaingia. Ila iingie baada ya mgeni."

Mimi sikuwa na subira ya Neema. Nikamwambia, "Bi Tausi, siku zinakwenda. Hao wanawake wakishindwa kukaa juu, Hamisi anavunja. Umesema mwenyewe."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akanijibu.

"Mwenyeji atapona akiwa hai, Bi Tausi."

Akanitazama kama ninavyowatazama ninyi mkisahau pima maji nyumbani. Niliondoka nikiongea peke yangu njiani. Yule mama alikuwa anaenda kupoteza jengo lake kwa adabu. Lakini ukiingia sebuleni kwake Ujiji unaelewa: makochi yana nailoni, friji ina nailoni, rimoti ya televisheni ina nailoni na juu yake kitambaa cha kufuma. Sikio la kufa halisikii dawa, nilijisemea, na wala si sikio lake peke yake. Mji mzima tunanunua vitu ili tuvihifadhi visitumike.

Mtaniuliza kwa nini sikuzichana tu. Jengo si langu, na mwenye nyumba akikataza fundi anaacha. Devota, kiongozi wa wale mafundi cherehani, mama wa Kiha asiyeogopa mtu, alijaribu. Alitoboa vitundu kwa sindano ya cherehani, safu nzima, kwa siri. Kesho yake Bi Tausi alipita na selotepu akaziba kimoja kimoja.

"Panya," akasema.

"Ego, mama," akajibu Devota. "Panya wana joto."

Hatimaye Devota akasalimu amri. Wanawake wakabeba cherehani zao wakashuka nazo barazani, wakawa wanashona kivulini nje, ghorofani kumebaki mkeka na birika. Siku hiyo hiyo, kama vile alipelekewa habari, Hamisi akapiga simu kwamba anakuja. Alifika asubuhi ya sherehe yenyewe, kwani mgeni rasmi alikuwa amethibitisha mwishowe. Akawakuta wanawake barazani, akazihesabu cherehani kwa macho. Halafu akamwambia mama yake kwa upole, na huo upole uliniumiza kuliko angefoka, "Mama, si unaona mwenyewe. Wameshindwa."

Bi Tausi akajifunga kanga vizuri, akapanda juu kupanga viti. Nikamwona anafuta kiti kile kile mara mbili, na hasira yangu yote ikaniishia, nikabaki na huzuni tu.

Sherehe ilikuwa ianze asubuhi. Mgeni akafika alasiri, na kwa kuchelewa kwake ninamshukuru, maana saa hiyo ndiyo ziwa linavuma. Ila huko ndani tusingejua. Viti vimevalishwa vitambaa vyeupe vyenye mafundo, watu wamejaa, nailoni zimevimba kwa ndani kama mashavu ya mpiga tarumbeta, na sisi ndani tunajipepea kwa karatasi za ratiba. Dua ikasomwa. Mshereheshaji akasifu kila mtu. Neema akaeleza mradi kwa ufupi. Mgeni rasmi, mtu mnene mwenye uso wa ucheshi, akasimama na hotuba yake, akasoma kidogo, akafuta jasho, akasoma tena, akafuta tena. Mwisho akaiweka karatasi chini.

"Nimeambiwa jengo hili linapozwa na upepo," akasema. "Naomba niulize, kwa nia njema kabisa. Huo upepo uko wapi?"

Watu wakacheka kidogo, kwa woga. Hamisi akainamia simu yake. Bi Tausi akainuka.

"Uko nje, mheshimiwa," akasema. "Umefika zamani. Nimeuzuia usiingie kabla yako."

Hakusema kwa utani. Mgeni akamtazama, akazitazama nailoni, akarudi kumtazama.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu ulipokubali kuja."

Nadhani wakubwa hawaambiwi mara nyingi kwamba watu wameungua kwa ajili ya kuwangoja. Akasema kwa sauti ya chini, "Nileteeni mkasi."

Ukaletwa ule wa sherehe, kwenye sinia, umefungwa utepe. Haukukata. Nailoni ikajikunja tu katikati ya makali yake. Mshereheshaji akaanza kuimbisha watu kuficha aibu. Hapo Devota akanyanyuka na mkasi wake wa kukatia kitambaa. Mkiwa na wake au mama zenu wanaoshona mnajua maana yake: fundi cherehani hakupi mkasi wa kitambaa ukakatie karatasi, sembuse nailoni. Unakufa makali. Alimpa mgeni, mgeni akakata nailoni ya dirisha moja, watu wakapiga makofi, mpiga picha akapiga picha, na mshereheshaji akamkaribisha mheshimiwa akae.

Nikautazama uzi wa ufito wangu, niliokuja nao. Ulitikisika kidogo, ukalala. Nikapaza sauti nyuma kule, "Na ya juu."

Hakuna aliyegeuka. Ratiba ilikuwa imeshahamia kwenye vinywaji. Nikasema tena, na safari hii nadhani nilifoka, "Na ya juu, jamani. Hewa imeingia, haina pa kutokea."

Bi Tausi akanigeukia. Halafu akamtazama Hamisi. Halafu akamwambia mgeni, "Mheshimiwa, naomba ruhusa zikatwe zote."

"Zikatwe, mama. Kwa niaba yangu."

Laiti ningejua kwamba maneno yaliyohitajika ni hayo matatu, ningeyatafuta tangu mwanzo kwa simu. Wale wanawake walikuwa wanangoja hayo. Walichomoa mikasi yao, mizuri yote, wengine wakapanda kwenye viti vya wageni, wengine wakachukua ngazi yangu, wakachana nailoni za madirisha na za matundu ya juu bila kusubiri mpiga picha. Upepo wa ziwa ukaingia wote kwa mara moja. Ratiba zikaruka, mafundo ya viti yakafunguka, hotuba ya mgeni ikaenda kujibanza kwenye wavu wa popo, upande wa mlima. Uzi wangu ulinyooka kuelekea huko huko, na sikuona haya kufuta macho.

Hamisi akaja, akaniomba ufito. Akatembea nao ukumbi mzima kama nilivyotembea mimi ghalani kwa Mzee Ruhuza, akiutazama uzi. Alisimama kwenye kona moja.

"Nilikuwa nalala hapa nikiwa mdogo," akasema. "Nilikuwa nasikia baridi." Akanirudishia. "Lakini makubaliano ni mpaka mvua, mzee."

"Mpaka mvua," nikasema.

Kesho yake cherehani zilipanda ghorofani, hazikushuka tena. Siku mvua ya kwanza ilipopiga nilikuwepo, nimekuja kukagua luva kama zinavuja. Zilikuwa hazivuji. Wanawake walikuwa wanashona sare za shule, hakuna aliyeinua kichwa. Bi Tausi akampigia Hamisi simu. Hakumsalimu. Alisema, "Sikiliza," akaiweka simu katikati ya ukumbi, juu ya meza ya kukatia, mvua ikanguruma juu ya paa jeupe na cherehani zote zikalia chini yake. Akaiacha hapo kwa muda, kisha akakata. Hamisi hajazungumzia kioo tena.

Sasa hicho kiti. Mliponiaga nilipostaafu mlinipa kiti kizuri cha kuegemea, na nawashukuru. Kimekuja na nailoni yake. Mke wangu anasema isitolewe mpaka mwanetu wa Mwanza aje akione kikiwa kipya. Nimeandika haya yote nimekalia nailoni, mgongo umelowa, na nikijisogeza kinalia kama panya.

Bi Tausi naye alikuja kuniaga, na kifurushi kidogo. Ndani mlikuwa na mkasi wa Devota, ule uliokufa makali siku ile. Devota alikwishanunuliwa mwingine.

"Kitambaa haukati tena," Bi Tausi akaniambia. "Ni wa nailoni tu. Mimi nilichelewa, mwanangu. Wewe usichelewe."

Niliuweka mezani nikaenda kumsindikiza. Niliporudi haukuwepo, na mke wangu alidai hajui ulipo. Nimeutafuta wiki nzima. Leo asubuhi nimeuona: uko juu ya kabati la vyombo, umefungwa vizuri ndani ya nailoni, na juu yake kitambaa cha kufuma.